Wachezaji wa bei chee kwenye fantasi ya NBA: kwanza uliza dakika anazichukua kwa nani

Gadi wa Malimbe (mleta uzi)

Wakuu habarini. Kule uzi wa jirani watu wanatoana macho kuhusu Nikola Jokić wa Denver na Shai Gilgeous-Alexander wa Oklahoma City nani zaidi, na sioni dalili ya kuisha. Sisi wa fantasi ya kila siku, tunaounda vikosi vya kwenye makaratasi kwa wachezaji halisi na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani, ugomvi huo hautuhusu sana. Ukimchukua Jokić unajua utalipa bei gani na unajua kitakachokuja: msimu wa 2024-25 alimaliza na wastani wa pointi 29.6, ribaundi 12.7 na asisti 10.2, na kwa hesabu ya DraftKings, kampuni ya Marekani ya fantasi, hiyo inavuka 60 kwa mechi. Hapo hakuna ujanja wowote. Kikosi kinafia kwa wale wawili watatu wa mwisho, wa bei ya kutupa, mnaowajazia dakika za lala salama ili bajeti itoshe.

Kwa wageni, kwa kifupi. Kila usiku wa mechi unapewa bajeti ya dola 50,000 za kwenye makaratasi, unanunua wachezaji 8: pointi gadi, shuti gadi, fowadi mdogo, fowadi mkubwa, senta, halafu nafasi tatu za wazi, yaani gadi yeyote, fowadi yeyote na mtu yeyote yule. Bei ya chini kabisa ni 3,000. Pointi ya uwanjani ni 1, ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu) 1.25, asisti (pasi ya kufungia) 1.5, kuiba mpira 2, bloku (kuzuia mtupo) 2. Mtupo wa pointi tatu ukiingia unaongezewa nusu, ukipoteza mpira unakatwa nusu. Dabo dabo, yaani kufikisha 10 kwenye takwimu mbili, ina nyongeza ya 1.5, na tripo dabo, takwimu tatu, 3. Kundi letu hapa Mwanza tunatumia kanuni hizo hizo na bei zao zinazowekwa hadharani, tunachezea kahawa na kashata. Najua swali la hela linakuja, nitalijibu likija.

Sasa piga hesabu. 50,000 kwa watu 8 ni 6,250 kila mmoja. Ukiweka nyota wa 12,000 na mwingine wa 10,000 umebaki na 28,000 kwa watu sita, kama 4,666 kwa kichwa, na kwa bei hiyo utaokota okota tu. Ukipata wawili wa 3,500 wanaocheza kweli, unabaki na 21,000 kwa wanne, 5,250 kila mmoja, na hapo tayari unachagua. Hiyo ndiyo kazi ya mtu wa bei chee, anakununulia wenzake. Kipimo tunachotumia: gawa bei kwa elfu, zidisha kwa 5. Wa 4,000 akileta 20 kalipa deni. Kwenye mashindano ya watu wengi 5 haitoshi, tafuta 6 kwenda juu.

Jambo kubwa ni hili. Mechi ina dakika 48, watu watano uwanjani, kwa hiyo kocha ana dakika 240 za kugawa. Nyota akiumia hazipungui hata moja. Mtu wa dakika 36 akikaa nje, hizo 36 lazima zimwangukie mtu, na mara nyingi zinamwangukia mtu ambaye bei yake ilipangwa akiwa bado anasugua benchi. Desemba 2023 Mitchell Robinson wa New York aliumia kifundo cha mguu. Isaiah Hartenstein aliyekuwa anatokea benchi akawa senta wa kuanza. Kipaji kilikuwa kile kile cha wiki iliyotangulia, ila sasa alikuwa na dakika. Novemba 2022 Karl-Anthony Towns aliumia kigimbi akakaa nje miezi, mwenzake Naz Reid, ambaye hakuchaguliwa kabisa kwenye drafti ya 2019 (siku timu zinapochagua wachezaji wapya), akapanda, na 2024 akabeba tuzo ya mchezaji bora wa kutokea benchi. Aliyewanunua wale watu mapema hakuwa mganga. Alijiuliza tu nani katoka, na nani anakaa pale.

Kwa hiyo ukiniambia "fulani ni 3,400, tumchukue", nitakuuliza dakika zake zinatoka kwa nani. Kama huna jina la kunitajia, huyo si wa bei chee, ni hela uliyoichoma.

Nyegezi Stendi

Siti ya mbele. Shusha nondo mkuu.

Senta Mfupi

Mleta uzi umesema kweli ila umeruka kitu. Aina ya mchezaji. Watu wengi wakitafuta wa bei rahisi wanakimbilia wapigaji, kwa sababu jana waliona kwenye vipande vya video jamaa katupa za pointi tatu mfululizo. Chukua wawili wote wa 4,000. Wa kwanza kafunga 14, mbili ni za pointi tatu, ribaundi 1, asisti 1, kapoteza mpira 1. Hesabu: 14, jumlisha 1 ya nyongeza ya mitupo, jumlisha 1.25, jumlisha 1.5, toa nusu, unapata 17.25. Deni halijalipwa. Wa pili kafunga 6 tu, ribaundi 8, asisti 3, kaiba 1, bloku 1, kapoteza 1. Anapata 24 kamili. Huyu wa pili kwenye taarifa ya habari hatajwi.

Kwa kanuni za FanDuel, washindani wa DraftKings, pengo ni kubwa zaidi, maana kule kuiba na bloku ni 3 kila moja na mtupo wa pointi tatu hauna nyongeza. Wa kwanza anashuka mpaka 15.7, wa pili anapanda 25.1.

Mpigaji wa bei chee siku shuti zikikataa anakuachia pointi 3. Senta wa akiba hata asipofunga, mpira unamwangukia tu chini ya kikapu.

Gadi wa Malimbe (mleta uzi)

Naongezea jina lako kwenye uzi mkuu. Kweli kabisa. Senta wa akiba ana hatari moja tu, faulo. Akikusanya tatu kabla ya mapumziko anarudi kukaa na kocha anaamua kucheza na watu wafupi.

Mzee wa Mkeka

Mnajichosha vijana. Mimi nakaa kwenye kibanda changu cha kubeti Igoma, mkeka wangu wa timu tano, saa nne nishalala. Asubuhi naamka tajiri.

Nyegezi Stendi

Umeshawahi kuamka tajiri lini mzee? Mikeka yako tunaijua, inachanikia timu ya kwanza.

Mzee wa Mkeka

Hayakuhusu.

Gadi wa Malimbe (mleta uzi)

Mzee usiondoke, kibandani kwako kuna kitu tunakihitaji. Ile namba ya jumla ya pointi wanayoweka kwa kila mechi, na pengo wanalotegemea kati ya timu mbili. Jumla ikiwa kubwa maana yake mechi itakwenda mbio, mitupo mingi, ribaundi nyingi, hata mtu wa mwisho wa benchi anapata makombo. Pengo likiwa kubwa, sema pointi 14, angalia: robo ya nne nyota wanakalishwa. Mtu wako wa bei chee anayeanza naye atakalishwa, ila yule wa mwisho kabisa wa benchi anaingia na kucheza dakika 12 za bure. Mimi simwekei mtu tegemeo kwa dakika za namna hiyo. Zinakuja au haziji, na zikija huwezi kujua kocha atamwingiza nani kati ya watoto wake watatu.

Karabai

Nimechelewa, nilikuwa soko la samaki la Mwaloni. Mimi niko macho saa nane usiku kwa sababu ya kazi, si kwa kupenda kikapu, kwa hiyo hili la muda nawaachia ninyi wa kulala. Ila suala la bei ngoja nilieleze maana ndiyo shughuli yangu. Bei za hawa wachezaji zimetoka mapema, kabla taarifa ya majeruhi haijatulia. Ni sawa na mtu aambiwe apange bei ya dagaa jioni mitumbwi haijatoka, halafu alfajiri ikirudi mitupu asiruhusiwe kuigusa. Aliyenunua kwa bei ya jana anacheka. Lakini anacheka siku hiyo moja. Kesho yake bei imeshapanda. Hartenstein mliyemtaja, alipozoeleka kama senta wa kuanza hakuwa tena bei chee. Alikuwa mchezaji wa kawaida mwenye bei ya kawaida.

Kwa hiyo jeraha la muda mrefu lina faida siku chache za mwanzo. Faida ya kila wiki iko kwenye yale ya ghafla: goti linauma, mafua, kapumzishwa kwa sababu jana walicheza.

Senta Mfupi

Hapo kwenye kupumzishwa, kuanzia msimu wa 2023-24 NBA waliweka sheria kali. Timu hairuhusiwi kuwapumzisha nyota wake wawili mechi moja wakiwa wazima, na mchezaji anayetaka tuzo kubwa lazima afikishe mechi 65. Mapumziko ya holela yamepungua. Bado usiku wa pili wa mechi mfululizo ndio wa kuangalia kwanza.

Nansio Kisiwani

Samahanini wakuu, mimi niko Ukerewe, mtandao wa kubahatisha, na saa nne nalala maana saa kumi na moja niko njiani. Mnasema habari za ghafla, habari za ghafla. Vikosi vya kuanza vinatoka nusu saa kabla ya mechi. Mechi za kwanza zinaanza saa tisa usiku. Nani ataamka saa nane na nusu kuangalia kama mtu wa mafua anacheza? Hii michezo ni ya Wamarekani, sisi tunalala.

Gadi wa Malimbe (mleta uzi)

Swali zuri kuliko uzi wenyewe. Nilitaka nilifikie hili, na hapa naomba msome taratibu.

Mechi ya saa moja jioni New York kwetu ni saa tisa usiku (kabla hawajarudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba ni saa nane, na Machi wakisogeza mbele inarudi saa nane). Mechi ya pwani ya magharibi, Los Angeles, Sacramento, Golden State, Portland, ikianza saa nne usiku ya New York, kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi. Kikosi cha kuanza kinatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Muda huo Mwanza nzima iko macho. Daladala za Buhongwa zinapiga honi, watu wa Kirumba washarudi na ndoo.

Na kwa kanuni za DraftKings mchezaji anafungwa mechi yake inapoanza, si mechi ya kwanza ya usiku. Ambaye mechi yake haijaanza unaweza kumbadilisha.

Unaona inakokwenda? Nyota wako watoke mechi za saa tisa usiku, wale ambao taarifa ya majeruhi ya jioni inaonyesha hawana tatizo lolote. Hao unawaweka unalala. Wa bei chee watoke magharibi. Unaamka saa kumi na moja na nusu, unatazama nani katoka, unaweka wa kwako, unaendelea na safari. Mmarekani wa mashariki muda huo ni saa tatu na nusu usiku, kashachoka, ana bia mkononi, nusu yao washasahau kikosi. Sisi tumeamka na akili mpya.

Na hizo nafasi tatu za wazi msizijaze na watu wa mechi za mapema. Nikipokea vikosi vya kundi naona mtu kamweka senta wa mechi ya saa tisa kwenye nafasi ya mtu yeyote, na senta wa mechi ya saa kumi na mbili kwenye nafasi ya senta. Alfajiri habari inatoka kwamba gadi fulani wa Portland anaanza kwa 3,300, hawezi kumwingiza, maana nafasi aliyobakiwa nayo ni ya senta peke yake. Angewabadilishana wale masenta wawili kabla ya kulala, angekuwa huru. Kitu cha nusu dakika, bure kabisa.

Nansio Kisiwani

Hapo sasa nimekuelewa. Kwa hiyo mwenye mashaka wa mechi ya saa tisa nisimguse.

Gadi wa Malimbe (mleta uzi)

Usimguse. Taarifa ya majeruhi ina ngazi: hachezi, shaka kubwa, nusu kwa nusu, huenda atacheza. Ukilala na mtu wa nusu kwa nusu kwenye kikosi umelala na sarafu hewani. Asipocheza ni sifuri, na sifuri haifidiwi na bei rahisi.

Tatizo la mpango wangu ni moja, kuna usiku mechi za alfajiri hazipo au ni moja tu. Siku hizo wa kulala tunacheza na majeraha yaliyotangazwa jioni, tunakubali kupata kidogo. Karabai siku hizo anatutandika vibaya sana.

Karabai

Poleni sana.

Gadi wa Nyakato

Mimi napinga kitu kimoja. Mnasema "anaanza, anaanza" kama vile kuanza ni kucheza. Makocha wengi nyota akikosekana wanamwanzisha mtu wa ulinzi acheze dakika 16 tu, ili mtu wa benchi wa kufunga abaki kwenye mpangilio wake aliouzoea. Yule wa benchi ndiye anapata dakika 30. Mnanunua aliyeanza, bei 3,000, anawapa pointi 9, mnalia.

Senta Mfupi

Sahihi. Na inategemea kocha. Tom Thibodeau enzi zake New York alikuwa hana habari na benchi refu. Februari 2024 Julius Randle yuko nje kwa jeraha la bega, OG Anunoby naye yuko nje, akamchukua Precious Achiuwa, mzaliwa wa Port Harcourt, akamchezesha mpaka dakika zinapita 40. Kocha wa namna hiyo ukipata nafasi kwake umepata. Kuna wengine wanagawa dakika kwa watu kumi, kila mtu 20 na ushee, pale nyota akitoka dakika zake zinasagwa mpaka huoni zilikoenda.

Njia rahisi ni kurudi kwenye mechi nyingine ambazo nyota huyo huyo alikosa. Tazama safu ya dakika peke yake, pointi zifunike kwa kidole.

Gadi wa Malimbe (mleta uzi)

Hii ya kufunika pointi kwa kidole naichukua. Nyakato nakubali nusu. Ikiwa aliyetoka ni senta, anayeanza huwa ndiye anayecheza, hawana masenta wengi. Ikiwa ni gadi, fuata maneno ya Nyakato. Tena gadi mkubwa akitoka mara nyingi mipira yake inakwenda kwa nyota wa pili, siyo kwa mtoto wa benchi. Hapo bora ulipe ghali kidogo kwa huyo nyota wa pili.

Bodaboda wa Mabatini

Jeremy Lin. Nimesoma mpaka hapa hakuna aliyemtaja. 4 Februari 2012, Knicks (hao hao New York) hawana gadi, jamaa alishaachwa na Golden State na Houston, anatoka benchi anawafunga Nets 25 na asisti 7. Siku sita baadaye anawafunga Lakers 38. Huyo angekuwa bei gani?

Senta Mfupi

Angekuwa bei ya chini kabisa, na hakuna ambaye angemweka mechi ya kwanza. Ya pili ndiyo ungemweka. Pointi 25 peke yake si sababu. Knicks walikuwa hawana mwingine wa kuendesha mpira, dakika zingebaki kwake. Kila wiki kuna jamaa anafunga 25 toka benchi halafu kesho yake nyota karudi na jamaa anacheza dakika 9. Watu wanamnunua Lin wakapata huyo.

Bodaboda wa Mabatini

Na Hasheem Thabeet wetu, Mtanzania aliyecheza NBA?

Karabai

Usianze.

Gadi wa Nyakato

Hasheem drafti ya 2009 alikuwa namba 2, Memphis wakamchukua mbele ya Harden namba 3 na Curry namba 7. Kwa kanuni za bloku 3 angekuwa mtu wa kuvutia sana. Shida yake ni ile ile ya uzi huu, dakika hazikuja.

Nyegezi Stendi

Wakuu, swali la hela. Naweza kujiunga na hao jamaa nikacheza kwa hela kweli? Kuna kijana hapa stendi anasema kuna programu ya kuficha mahali ulipo.

Gadi wa Malimbe (mleta uzi)

Achana naye. Kucheza kwa hela kwao kunategemea uko wapi, na Tanzania hatumo. Ukificha mahali umevunja masharti yao tangu siku ya kwanza, na siku ukishinda hela ikakwama huna wa kumlilia. Ndiyo maana sisi tunachezea kahawa. Anayeshika mkia anawanunulia wote pale kijiweni Jumapili, na mwenye mkia anajulikana.

Nyegezi Stendi

Nani?

Karabai

Ametoka kusema nyota watoke mechi za saa tisa usiku.

Gadi wa Malimbe (mleta uzi)

Hiyo ilikuwa wiki ya mechi za mapema tupu.

Gadi wa Nyakato

Kitu cha mwisho kwa wanaotaka kujiunga na kundi. Kwenye mashindano ya maelfu ya watu, mtu wa bei chee ambaye kila mmoja kamwona mnaweza kumkwepa makusudi, maana akifeli wote wanazama na wewe unabaki. Kwenye kundi dogo kama letu usijifanye mjanja. Habari ikitoka saa kumi na moja na nusu kwamba senta wa Sacramento kaanza kwa 3,200, muweke. Wote watamweka. Shindaneni kwenye nafasi nyingine saba.

Senta Mfupi

Sikubaliani, lakini naenda kazini. Nitarudi jioni na mfano.

Nansio Kisiwani

Mimi naingia. Bei za leo mnaziweka wapi?

Gadi wa Malimbe (mleta uzi)

Karabai anazinakili kwenye jedwali kabla ya saa tatu usiku, nakutumia kiungo kwenye ujumbe binafsi. Unajaza watu wanane, unaandika saa ya mechi ya kila mmoja pembeni. Leo kuna mechi mbili za saa kumi na mbili asubuhi na moja ya kumi na mbili na nusu. Acha nafasi ya mtu yeyote iwe ya hiyo ya mwisho.

Mzee wa Mkeka

Hiyo ya kumi na mbili na nusu pengo wameweka 3, jumla 236. Nimepita kibandani.

Gadi wa Malimbe (mleta uzi)

Asante mzee. Kahawa yako ipo.